Kushindana kwa Wahusika wa Wengine

Shindano la hadithi zenye wahusika waliokwisha kujulikana ni lile ambalo mshiriki haleti watu wake wa kubuni, bali huandika juu ya watu ambao wasomaji wameishi nao miaka mingi. Historia ya ulimwengu wa hadithi hizo, mipaka yake, majina ya wakazi wake na mambo waliyoyapitia vimekwisha kuwekwa na waandishi wengine, na kwa kawaida vinamilikiwa na kampuni. Anayeingia hatafuti mhusika. Hutafuta jambo ambalo bado halijasemwa juu yake.

Tofauti ya shindano hili na mashindano ya kawaida huonekana vizuri kwa mfano wa Afrika Mashariki. Mohamed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la 1957-1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 na kumtambulisha mpelelezi Bwana Msa. Abdulla aliingia na mtu wake mwenyewe, akatoka naye, akamtumia tena katika riwaya zilizofuata. Hali ingekuwa kinyume kabisa kama mchapishaji angetangaza kwamba kila msomaji aandike kisa kipya cha Bwana Msa na mwenzake Najum, visa vyote vipimwe kwa jinsi Bwana Msa alivyobaki Bwana Msa, na mwisho wa shindano mhusika arudishwe kwa mwenyewe. Shindano la aina hiyo lililodumu na kujulikana zaidi ni Strange New Worlds, la wapenzi wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za anga, nchini Marekani. Masharti yake na mafunzo yake ndiyo yanayoelezwa hapa, pamoja na yale aliyoyaona mwandishi wa makala haya alipoliingia.

Chanzo chake

Star Trek ilianza kuonyeshwa na televisheni ya NBC tarehe 8 Septemba 1966. Mwaka uliofuata mashabiki walikuwa tayari wana jarida lao, Spockanalia, na hadithi walizotunga wenyewe juu ya mabaharia wa chombo cha Enterprise zikaanza kupita mkono kwa mkono. Hazikuwa na malipo wala kibali, lakini zilikuwa na wasomaji. Mwaka 1976 kampuni ya Bantam ilichapisha mkusanyo ulioitwa The New Voyages, uliohaririwa na Sondra Marshak na Myrna Culbreath, ambamo hadithi za mashabiki zilitoka kwa mara ya kwanza katika kitabu cha dukani.

Mlango mwingine ulifunguliwa upande wa televisheni. Mwaka 1989 Michael Piller, aliyesimamia waandishi wa mfululizo wa The Next Generation, alikubali kusoma miswada iliyotumwa na watu wasio na mawakala wala majina. Katika lundo hilo alikuta kazi ya kijana Ronald D. Moore. Ikanunuliwa na kuonyeshwa mwaka huohuo kwa jina The Bonding. Moore aliajiriwa, akaandika kwa miaka mingi, na baadaye akaongoza utengenezaji mpya wa Battlestar Galactica.

Pocket Books, tawi la Simon & Schuster lililokuwa na leseni ya vitabu vya Star Trek, liliupeleka mwenendo huo kwenye hadithi fupi. Juzuu la kwanza la Strange New Worlds lilitoka mwaka 1998. Mhariri alikuwa Dean Wesley Smith, mwandishi wa riwaya, akisaidiwa na John J. Ordover wa Pocket Books na Paula M. Block kutoka idara ya leseni ya kampuni iliyomiliki Star Trek. Yalitoka majuzuu 10 hadi mwaka 2007, kisha shindano likasimama. Lilirudi mara moja, mwaka 2016, kuadhimisha miaka 50 ya Star Trek, na hadithi 10 zikachaguliwa.

Masharti na sababu zake

Mshiriki alitakiwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi na awe mkazi wa Marekani, au wa Kanada nje ya jimbo la Quebec. Kwa hiyo, kati ya wazungumzaji wa Kiswahili, walioweza kuingia ni wale tu waliokuwa wakiishi Amerika Kaskazini, na mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Alitakiwa pia asiwe amechapisha zaidi ya hadithi fupi mbili kwa malipo ya kitaaluma. Sharti hili ndilo lililolipa shindano sura yake: wakongwe walifungiwa nje, na chipukizi wakashindana na chipukizi wenzao. Hadithi haikupaswa kuzidi maneno 7,500.

Masharti mazito yalihusu yaliyomo. Hadithi ilipaswa kuwahusu wahusika wakuu wa mifululizo au wageni wanaojulikana na watazamaji. Haikuruhusiwa kumuua mhusika ambaye kifo chake hakikuwahi kuonyeshwa, wala kumpa ndugu aliyepotea zamani, wala kufichua mapenzi ya siri kati ya wawili ambao televisheni haikuwaunganisha. Ngono ya waziwazi na ukatili wa kupindukia vilikatazwa. Ushahidi uliokubalika ulikuwa wa televisheni na sinema peke yake. Yaliyosemwa katika riwaya au vitabu vya katuni, hata kama yalichapishwa kwa leseni, hayakuhesabiwa.

Katazo jingine liliwalenga wahusika wapya wanaowafunika wenyeji. Mashabiki humwita mhusika wa namna hiyo Mary Sue, kutokana na kijihadithi cha dhihaka alichokiandika Paula Smith mwaka 1973 katika jarida la Menagerie. Ndani yake msichana ambaye hata miaka 16 hajafikisha anaingia Enterprise akiwa luteni, na mara moja anaanza kuwazidi maafisa wote kwa akili, uzuri na ushujaa. Kila mhariri aliyesoma kazi za mashabiki anamfahamu, kwa kuwa mara nyingi ni mwandishi mwenyewe aliyejivika sare na kupanda chomboni.

Anayeyasoma masharti haya kwa mara ya kwanza huona orodha ya makatazo. Anayeyasoma akiwa na kalamu mkononi huona kuwa yanasema jambo moja kwa njia nyingi: mwenye mali anataka mali yake irudi kama ilivyokwenda. Riwaya ya mwakani, filamu ya mwaka kesho kutwa na kipindi kinachoandikwa wakati huohuo vyote vinamhitaji mhusika yuleyule, mzima, asiye na ndugu wapya. Masharti pia yanamwondolea mshiriki njia za mkato. Kifo, siri ya damu na penzi la ghafla ndizo njia rahisi za kumfanya msomaji ashtuke. Zikiondolewa, mwandishi hubaki na kazi ya kumfanya ajali.

Kumchagua mhusika

Mshiriki mpya huvutwa na wahusika wakubwa. Kirk na Spock wana saa nyingi mbele ya kamera, sauti zao zinajulikana, na mashabiki wanawapenda. Lakini saa hizo nyingi ndizo tatizo. Karibu kila kona ya maisha yao imekwisha kumulikwa, na lundo la hadithi zinazowahusu huwa kubwa, hivyo anayeandika juu yao hushindana na wengi kwa nafasi ndogo. Mhusika wa kando ana faida ya kuachwa na mapengo: mambo yaliyotajwa mara moja yakaachwa, au matokeo ambayo yangepaswa kufuata lakini hayakufuata.

Mwandishi wa makala haya alimchagua Uhura, afisa mawasiliano wa Enterprise aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Sababu ya kwanza ilikuwa ya wazi: ndiye afisa pekee wa chombo hicho anayezungumza Kiswahili. Katika The Man Trap, kipindi kilichofungua mfululizo mwaka 1966, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza humtokea kwa sura ya mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Lakini mapenzi kwa mhusika na ukaribu wa lugha havitoshi kuzaa hadithi. Sababu ya pili ndiyo iliyofaa, nayo ilikuwa pengo.

Pengo hilo limo katika The Changeling, kipindi kilichoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967. Mtambo unaoitwa Nomad unamsikia Uhura akiimba, unashindwa kuelewa wimbo ni nini, na katika kumchunguza unafuta yote aliyoyajua. Uhura anafundishwa upya na muuguzi Chapel. Anajikwaa katika sentensi nyepesi za Kiingereza, na anapokasirika, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Daktari McCoy anasema kwamba baada ya wiki moja atakuwa amerudi kazini. Kipindi kinaisha, na jambo hilo halitajwi tena. Uhura wa kipindi kinachofuata ni yuleyule wa zamani.

Mashabiki wameling'ang'ania tukio hilo kwa miaka mingi kama dosari. Kwa mshiriki wa shindano, dosari ya namna hiyo ni shamba lisilolimwa. Limo ndani ya kumbukumbu rasmi, hivyo haliwezi kukataliwa. Linamhusu mhusika anayejulikana, hivyo linatimiza sharti. Na mwisho wake unafahamika, hivyo mwandishi hana hofu ya kuharibu chochote. Kilichobaki ni swali: ilikuwaje wiki ile, na kwa nini lugha moja ilibaki wakati mambo mengine yote yamekwenda?

Uchaguzi huo ulidai utafiti kuliko ilivyotarajiwa. Jina la kwanza la Uhura linaonyesha ugumu wenyewe. Watu wengi wanamjua kama Nyota, jina lililopendekezwa na William Rotsler katika kitabu cha mwaka 1982 na kuzoeleka katika riwaya, lakini halikutamkwa kwenye skrini mpaka filamu ya mwaka 2009. Katika miaka yote ya shindano la awali, kwa hiyo, jina ambalo kila shabiki alilijua halikuwa sehemu ya ushahidi uliokubalika, na mshiriki makini aliandika Uhura tu. Funzo lililopatikana ni kutenganisha madaftari mawili tangu siku ya kwanza: moja la yale yaliyoonekana au kusikika kwenye skrini, jingine la yale yanayoaminiwa na watu. La pili huwa nene kuliko la kwanza, na ndilo linalowaponza wengi.

Kumbadilisha mtu asiyebadilika

Ugumu mkubwa wa hadithi za namna hii ni wa ufundi. Vitabu vya kufundishia uandishi husema kwamba mhusika mkuu lazima abadilike kati ya mwanzo na mwisho. Masharti ya shindano yanasema kwamba lazima mwishoni awe kama alivyokuwa mwanzoni. Anayeshindwa kuyapatanisha mawili haya huandika mojawapo ya hadithi mbili mbovu: ile inayovunja masharti, au ile ambayo mambo mengi hutokea na hakuna linalojalisha.

Wasimulizi wa ngano walikwisha kulitatua. Sungura huingia katika kila ngano akiwa mjanja na kutoka akiwa mjanja, na watoto wanaosikiliza wanalijua hilo kabla hadithi haijaanza. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kinachosubiriwa si kama atabadilika. Kinachosubiriwa ni mtego gani atategewa, ujanja utamgharimu nini safari hii, na Fisi atajifunza au hatajifunza. Uzito wa hadithi umewekwa mahali pengine.

Katika hadithi zenye wahusika wa kuazima, mahali hapo pengine ni patatu. Kwanza, anaweza kubadilika mgeni, yaani mhusika mdogo anayekutana na mhusika mkuu, mradi asimfunike. Pili, hali inaweza kubadilika: mgogoro unatatuliwa, sayari inaokoka, siri ya mahali fulani inafahamika. Tatu, na hapa ndipo penye rutuba zaidi, anaweza kubadilika msomaji. Mhusika anarudi kwenye kiti chake akiwa vilevile, lakini msomaji sasa anajua kurudi huko kulimgharimu nini, na hatakitazama tena kipindi cha zamani kwa jicho lilelile.

Hadithi ya Uhura ilijengwa juu ya njia hiyo ya tatu. Kwa kuwa kila mtu alijua atarudi kazini, swali la kama atapona halikuweza kubeba hadithi hata kwa ukurasa mmoja. Mvutano ulihamishiwa kwenye masomo yenyewe: muuguzi anataka kutumia mtambo wa kutafsiri ili kazi iende haraka, mgonjwa anataka uzimwe, kwa sababu mtambo unampa maana bila kumrudishia sauti, naye ni mtu ambaye kazi yake yote ni kusikiliza. Katika ukurasa wa mwisho Uhura anaketi mbele ya mitambo yake kama kawaida, na hakuna mwenzake anayeona tofauti. Msomaji anaiona.

Kipimo kimoja kilisaidia katika kila rasimu: je, tukio hili lingeweza kumtokea afisa mwingine yeyote? Kama Sulu au Chekov angeweza kuwekwa mahali pa Uhura bila sentensi kubadilika, tukio lilikuwa la jumla na lilistahili kutolewa. Kipimo hiki kinafaa hata nje ya mashindano. Mwandishi anayetumia wahusika wake mwenyewe mara nyingi hupita bila kujiuliza, kwa vile hakuna wa kumwambia kwamba mtu wake hajitofautishi na wengine. Mhusika maarufu hampi nafasi hiyo ya kujificha. Kosa la nusu sentensi katika usemi wa Spock huonekana na msomaji wa kawaida, achilia mbali majaji.

Sauti, lugha na urefu

Sauti ya mhusika wa televisheni ni ya kusikika, wakati hadithi ni ya kusomwa. Maneno yaliyobebwa na sura na lafudhi ya mwigizaji huwa makavu yanapowekwa kwenye karatasi. Wengi hujaribu kuziba upungufu huo kwa kunakili misemo maarufu ya mhusika, na matokeo yake ni uigaji wa jukwaani. Njia iliyo bora ni kusikiliza mpangilio: nani hujibu swali kwa swali, nani humaliza sentensi zake, nani hutania wakati wa hatari, nani hunyamaza. Mpangilio huo ukishikwa, mhusika anaweza kusema jambo ambalo hakuwahi kulisema na bado akasikika kuwa yeye.

Kwa hadithi ya Uhura kulikuwa na ugumu wa ziada. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa majaji wasiojua Kiswahili, na bado Kiswahili kilikuwa ndicho kiini chake. Mitego ilikuwa miwili: kutafsiri kila neno mara tu linapotamkwa, jambo linalomfanya msomaji asiyajali maneno yenyewe ya Kiswahili, au kumwaga sentensi ndefu zisizoeleweka kama mapambo. Ilibidi kila neno la Kiswahili liwekwe mahali ambapo tendo lenyewe linalieleza. Mtu anayesukuma kikombe huku akisema "hapana" hahitaji mkalimani.

Palikuwa pia na mipaka ambayo mzungumzaji wa lugha huiona kwa uchungu. Kiswahili cha kwenye skrini kilitamkwa na waigizaji ambao hawakukulia ndani yake, na matamshi yao yanasikika kuwa ya kigeni. Lakini kilichokwisha kuonyeshwa ndicho rasmi. Mshiriki hana mamlaka ya kukisahihisha. Anachoweza ni kukipa sababu. Ujuzi wa ziada wa mshiriki, awe daktari, rubani au mzungumzaji wa lugha fulani, unafaa pale unapoyafafanua yaliyopo. Ukitumika kuyaumbua, hadithi hugeuka kuwa barua ya malalamiko.

Kikomo cha maneno 7,500 kilikuwa mwalimu mwingine. Urefu huo unatosha tukio moja kubwa na matawi machache. Mshiriki wa shindano hili hakuhitaji kueleza Enterprise ni nini, nani ni kapteni au mitambo hufanya kazi namna gani, kwani wasomaji wanayajua yote hayo. Hiyo ni zawadi ambayo mwandishi wa ulimwengu mpya hana. Rasimu za mwanzo hupoteza zawadi hiyo kwa kurasa za kukumbushia vipindi vya zamani, kana kwamba mwandishi anathibitisha kuwa alivitazama. Kurasa hizo zikikatwa, hadithi kwa kawaida huanza pale ilipopaswa kuanza, yaani wakati jambo tayari limeharibika.

Mswada mbele ya majaji

Katika shindano la awali miswada ilipelekwa kwa posta, ikiwa imechapwa upande mmoja wa karatasi, mistari ikiachiwa nafasi mbili na kurasa zikiwa na namba. Masharti haya madogo yalikuwa na kazi yake. Mtu anayesoma lundo la miswada husoma kwa macho yaliyochoka, na mswada uliobanwa humchosha zaidi. Maelfu ya hadithi yaliwahi kupita katika shindano hilo kwa miaka yake yote, na nafasi katika kila juzuu hazikufika hata mia moja.

Jambo hili linapaswa kuathiri namna ya kuandika ukurasa wa kwanza. Msomaji wa lundo hatafuti sababu ya kuendelea tu, hutafuta pia sababu ya kuacha, na mara nyingi huipata mapema: jina la mhusika limeandikwa vibaya, tukio linapingana na kipindi kinachojulikana, au aya tatu zimepita hakuna mtu aliyetaka kitu. Vilevile ni rahisi kutabiri kwamba kila tukio kubwa la televisheni litazaa rundo la hadithi zinazoliendeleza. Mshiriki anayechagua pengo la miaka mingi nyuma hukwepa msongamano huo bila jasho.

Kusoma majuzuu yaliyotangulia kulisaidia kuliko ushauri wowote wa jumla. Si kwa ajili ya kuiga, kwa maana mhariri aliyekwisha kununua wazo hana haja ya kulinunua mara ya pili, bali kwa kuona ukubwa wa wazo linalotosha maneno 7,500 na kiasi cha uhuru ambacho majaji walikuwa tayari kukiruhusu. Kulikuwa na hadithi za kuchekesha, za huzuni na za miundo isiyo ya kawaida. Masharti yalibana matukio, hayakubana mtindo.

Malipo na haki

Hadithi zilizochaguliwa zililipwa senti 10 za dola kwa neno, na washindi watatu wa juu waliongezewa dola 1,000, 600 na 400. Kwa hadithi ya urefu wa mwisho, malipo ya msingi yalifika dola 750. Mshindi wa kwanza mwenye hadithi ya urefu huo, kwa hiyo, alipata dola 1,750. Kwa chipukizi wa wakati ule hizo zilikuwa fedha za heshima, na jina lake lilitoka katika kitabu kilichouzwa nchi nzima.

Upande wa pili wa hesabu ni haki. Masharti yalieleza kwamba kila hadithi iliyoingia, iwe imeshinda au imeshindwa, inakuwa mali ya Simon & Schuster na ya mwenye Star Trek. Anayezoea mashindano ya kawaida huliona hilo kuwa dhuluma, lakini linaeleweka likitazamwa kisheria. Hadithi yenye wahusika wa mtu mwingine haiwezi kuuzwa bila idhini yake, na kwa Star Trek mlango wa idhini ulikuwa mmoja. Kampuni nayo ilihitaji kinga: mfululizo wa televisheni ungeweza siku moja kuonyesha kisa kinachofanana na mswada uliokataliwa, na madai ya wizi yasingekosekana.

Kwa mshiriki, maana yake ni kwamba hadithi iliyokosa nafasi imekosa soko lolote lingine. Mshiriki wa mashindano ya kazi huria, kama vile tuzo za riwaya za Kiswahili, akishindwa huupeleka mswada wake kwa mchapishaji mwingine. Huyu hana pa kuupeleka. Kabla ya kuingia, ni busara kuamua ni miezi mingapi ya kazi inayoweza kutolewa kwa sharti hilo.

Baada ya matokeo

Wapo waliovuka. Dayton Ward alichaguliwa katika majuzuu matatu ya kwanza mfululizo, na kwa kuwa hadithi tatu za malipo zilizidi kikomo, akawa hawezi tena kushiriki. Ordover akamwomba riwaya. In the Name of Honor ilitoka mwaka 2002, ikafuatwa na nyingine nyingi. Ilsa J. Bick alichukua tuzo ya kwanza ya juzuu la pili mwaka 1999, kisha akajenga jina lake kwa riwaya za vijana kama Ashes ya mwaka 2011. Katika mbio za 2016 alionekana Kelli Fitzpatrick, kwa hadithi The Sunwalkers. Ward alibaki na kuandika zaidi ndani ya ulimwengu uleule, na Bick akapeleka ufundi wake kwingine. Njia zote mbili ni halali, lakini zinahitaji maamuzi tofauti.

Wengi zaidi hawakuchaguliwa, na hadithi ya Uhura ilikuwa miongoni mwa hizo. Kilichofuata kinaonyesha thamani halisi ya shindano kwa mtu wa kundi hilo kubwa. Mali ya kampuni ilikuwa Uhura, Chapel, McCoy, Enterprise, Nomad na kila kilichowafunga pamoja. Swali halikuwa lake: mtu akipoteza yote aliyojifunza, kwa nini lugha ya utotoni hubaki, na wanaomhudumia wafanye nini wakiwa hawaijui? Swali hilo lilihamishwa baadaye katika hadithi ya Kiswahili yenye watu wengine, mji mwingine na ugonjwa wa kawaida wa duniani, bila kubeba sentensi hata moja ya mswada wa zamani. Uhamisho ulikuwa rahisi kwa sababu kazi ngumu ya kulitafuta swali na kulijaribu ilikwisha kufanyika.

Si kila hadithi ya shindano inaweza kuhamishwa hivyo. Iliyotegemea mshtuko wa kumwona mhusika maarufu mahali pasipotarajiwa hufa mara majina yanapoondolewa. Iliyojengwa juu ya ufundi wa mitambo ya chombo fulani nayo haivuki. Kwa hiyo kipimo cha mwisho kinafaa kutumiwa kabla ya kuandika, wala si baada ya kukataliwa: wazo liandikwe kwa sentensi moja isiyo na jina lolote la ulimwengu huo. Kama sentensi hiyo bado inauliza jambo linalostahili kujibiwa, mshiriki ana kitu cha kushindania na kitu cha kubaki nacho. Kama haiulizi chochote, atafute pengo jingine, au asubiri shindano ambalo wahusika watakuwa wake.